Waya Usiosikika

Fundi wa spika anayeijua kazi yake hafungui mkoba anapoingia nyumbani kwa mtu. Huuliza kwanza amplifaya itakaa wapi na spika zitakaa wapi. Kisha huufuata ukuta kwa hatua: anapanda kwa macho hadi kwenye boriti, anauzunguka mlango, anashuka pembeni mwa dirisha, halafu anataja mita. Mwenye nyumba alikadiria sita, maana kutoka kabati la televisheni hadi pembe ya chumba ni karibu. Fundi anasema kumi na moja, na anakata waya wa mita kumi na mbili.

Ukimwona mara ya kwanza utadhani anapoteza wakati. Mimi nimekaa na mafundi hawa Ukunda na Msambweni, pwani ya Kenya, kiasi cha kuamini kwamba sehemu kubwa ya sauti itakayosikika jioni imeamuliwa katika matembezi hayo ya asubuhi, kabla hata spika haijatolewa kwenye boksi.

Kazi yenyewe haina jina kubwa. Ukivuka feri ya Likoni ukashika barabara ya kuelekea Lunga Lunga, hutaona ubao unaomtangaza fundi wa nyaya za spika. Utaona vibanda vya kutengeneza redio na simu, maduka ya vifaa vya umeme, na vijana waliofunga ngazi kwenye pikipiki. Humo ndimo alimo. Leo yuko kwenye chumba cha kupanga Ukunda akirefusha waya wa wufa. Kesho yuko Diani, kwenye nyumba ya wageni yenye baraza la makuti, ambako mwenye mali anataka spika mbili ukumbini na mbili kando ya bwawa, mita 25 kutoka amplifaya. Bei za vyombo hivyo haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Heshima anayoupa waya ni ileile.

Na waya unastahili heshima kwa sababu moja: hauongezi chochote kwenye muziki. Hakuna shaba inayoweza kuitia sauti utamu ambao haikutoka nao kwenye amplifaya. Kinachowezekana njiani ni kupungua tu, na ufundi wote umo katika kuhakikisha kwamba kinachopungua ni kidogo mno hata sikio lisikitambue.

Nyuma ya spika nyingi za nyumbani pameandikwa omu 8. Nyingine 6, nyingine 4. Hiyo ni namba ya kukadiria. Spika inapofanya kazi ukinzani wake hupanda na kushuka kadiri noti zinavyobadilika. Iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi 4 kwenye baadhi ya sauti za kati, na ikapanda hadi 30 kwenye besi, pale koni inapofikia mtetemo wake wa asili. Sasa chukua waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba, uuvute mita 10. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za shaba, na ukinzani wake unakaribia omu 0.7. Pale spika iliposhuka hadi omu 4, waya huo unaipokonya karibu desibeli 1.4. Pale ilipopanda hadi 30, unaipokonya desibeli 0.2 tu. Tofauti kati ya sauti hizo mbili imezidi desibeli moja, na hakuna aliyegusa kitufe. Besi imevimba kidogo, sauti ya mwimbaji imerudi nyuma kidogo. Mwenye nyumba anasema spika hizi ni za bandia, kumbe spika hazina kosa.

Badilisha waya, uweke wa milimita 2.5 za mraba kwenye urefu uleule. Ukinzani unashuka hadi omu 0.14, na ile tofauti inabaki robo ya desibeli. Hapo sikio la binadamu limeshaachwa nyuma.

Ndiyo sababu fundi akitajiwa urefu hujibu kwa unene. Namba anazotumia ni zile anazozijua kila anayejenga Kenya: 1.5 ya taa, 2.5 ya soketi. Kwa spika ya omu 8 iliyo mita 10 mbali, 1.5 inatosha, na fundi mwaminifu atakuambia usinunue zaidi. Spika ikiwa ya omu 4, anapanda hadi 2.5. Kwa zile za kando ya bwawa, mita 25, anataka 4, na mwenye nyumba akilalamikia bei anamweleza kwa upole kwamba mita 25 za kwenda ni mita 50 za shaba. Marekani, Roger Russell, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa akustika katika kampuni ya McIntosh, aliiandika kanuni hiyo kwa lugha ya wahandisi: ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika. Omu 8, basi waya usipite omu 0.4. Omu 4, usipite 0.2.

Mafundi wa Ukunda wamefika palepale kwa njia yao, na njia hiyo naipenda kuliko jedwali lolote. Mita ya kawaida ya mkononi haiwezi kupima sehemu ndogo ya omu kwa uhakika. Nyaya za mita yenyewe zina ukinzani unaokaribia huo. Basi fundi huchukua betri ya gari ya volti 12 na balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55. Huiwasha balbu kupitia waya anaotaka kuujua, waya mzima, kwenda na kurudi. Kisha anapima volti kwenye betri, anakwenda upande wa pili anapima volti kwenye balbu. Zinazokosekana zimebaki njiani. Kwenye ule waya wa 0.5 zinapotea zaidi ya volti 2, na balbu inageuka rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Kwenye ule wa 2.5 hazifiki volti 1, na balbu inang'aa nyeupe. Mteja asiyejua omu wala desibeli anaona kwa macho yake waya umekula nini. Balbu ya wati 55 huvuta ampea nne na ushee, mkondo unaolingana na spika inayopigwa kwa nguvu kwenye harusi, kwa hiyo jaribio hilo ni la haki. Sijaona somo la umeme lililo fupi na la kweli kuliko hilo.

Unene peke yake hautoshi, kwa sababu waya mnene unaweza kuwa mwongo. Maduka yetu yamejaa waya wa spika wenye ganda la plastiki angavu, upande mmoja rangi ya shaba, upande wa pili rangi ya fedha, unaovutia na wa bei nafuu. Nyingi ya nyaya hizo ni alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba. Alumini ya namna hiyo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba tupu, kwa hiyo waya wa 2.5 wa alumini hufanya kazi ya waya wa 1.5 wa shaba, au zaidi kidogo. Kuutumia si haramu. Ukijua ulichonunua unaongeza unene na mambo yanakwenda. Ubaya ni kuuziwa kwa jina la shaba.

Fundi hajadiliani na muuzaji. Anaupima mkononi kwanza: roli la shaba tupu ni zito, la alumini linakuja juu bila taabu, maana shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule. Kisha anatoa kisu, anamenya ncha, anachukua unyuzi mmoja na kuukwangua. Ukitokea weupe ndani, jibu limepatikana. Akibaki na shaka anaupinda unyuzi huohuo huku na huku. Alumini hukatika mapema, shaba huvumilia. Wengine huwasha kibiriti cha gesi: uzi mwembamba wa alumini hulegea na kuyeyuka, wa shaba huwa mwekundu na kubaki umesimama. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko muuzaji kutafuta chenji.

Kuhusu zile kebo za maelfu ya dola zinazosifiwa ng'ambo, nitapita haraka, kwa kuwa fundi wetu naye hupita haraka. Biashara hiyo ilishika kasi Marekani baada ya Noel Lee kuanzisha Monster Cable mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuwafundisha watu kuuona waya wa spika kuwa bidhaa ya kujivunia. Jambo moja alikuwa nalo sawa: watu walikuwa wakitumia nyaya nyembamba mno. Yaliyofuata baadaye, ya nyaya za fedha na shaba iliyotolewa oksijeni, hayana uzito huo. Fedha hupitisha umeme kwa takriban asilimia 6 tu zaidi ya shaba. Faida hiyo unaipata kwa kununua shaba nene kidogo, na pesa inayobaki ikaezeka nyumba.

Pwani yetu ina adui mwingine ambaye vitabu vya ng'ambo havimpi nafasi ya kutosha, naye ni chumvi. Kusi inapoanza kuvuma, kuanzia Aprili, upepo unaingia na bahari ndani ya nyumba. Nyumba iliyo jirani na ufuo wa Diani au Galu hupata ukungu wa chumvi kwenye vioo, kwenye bawaba, na kwenye kila ncha ya shaba iliyo wazi. Shaba nyekundu hugeuka kahawia, kisha kijani. Kutu hiyo ya kijani haipitishi umeme vizuri, tena hutambaa chini ya ganda la plastiki, nyuzi zikanyonya unyevu taratibu kutoka nchani kwenda ndani. Mtu anasema spika imeanza kukwaruza. Kinachokwaruza ni ncha ya waya.

Hapa ndipo ile mita ya kumi na mbili inapojieleza. Fundi huiacha nyuma ya spika, imekunjwa duara na kufungwa. Ncha ikioza baada ya misimu miwili mitatu ya kusi, anakata kipande, anamenya upya, anafunga, na waya unabaki na urefu wa kutosha. Aliyekata mita kumi na moja kamili atalazimika kuunga, na kiungo ndicho mahali pa kwanza chumvi hupataka.

Kwa spika za nje, baraza au bwawa, mafundi wenye busara wamejifunza kwa watu wa boti. Huko Shimoni na Gazi, waya wa kawaida ndani ya mashua yenye injini hauna maisha. Waya wa boti hutengenezwa kila uzi wake ukiwa umepakwa bati, na bati huikinga shaba. Bei yake ni ya juu, na si rahisi kuupata kila duka. Lakini fundi aliyewahi kuufungua waya uliokaa nje barazani na kuukuta kijani urefu mzima hahitaji kushawishiwa. Akiukosa, hufunga viungo kwa mpira unaonywea kwa moto wenye gundi ndani, kisha hupaka vaselini kwenye skrubu baada ya kuzikaza. Baada ya kukaza, si kabla. Mpangilio huo una maana: chuma kwanza kishikane na shaba, mafuta yaje kuziba hewa.

Kwenye skrubu hizo pana jambo jingine lililonifunza kumheshimu mtu huyu. Mafundi wengi wachanga hupenda kuzipaka risasi ya kulehemu ncha za waya ili nyuzi zisitawanyike, halafu wanazibana chini ya skrubu. Inaonekana safi. Lakini risasi ni laini. Ikibanwa kwa muda mrefu husogea na kunywea, skrubu ikalegea bila mtu kuigusa, na kiungo kilegevu ni ukinzani mpya. Fundi mzoefu hubana nyuzi tupu zilizosokotwa vizuri, au huzivisha kijibomba cha shaba na kukibana kwa koleo. Kulehemu anakuweka pale ambapo hapana skrubu, yaani ndani ya spika yenyewe, na hapo hulehemu kwa joto la kutosha hadi risasi ing'ae na kutandaa.

Njia ya waya nayo ina adabu zake. Waya wa kwenda na wa kurudi hukaa pamoja. Ukizitenganisha, mmoja ukapita juu ya mlango na mwingine chini, unaanza kuzuia sauti za juu. Akitumia nyaya mbili moja moja za kuvuta kwenye nyumba, fundi hufunga ncha kwenye drili na kuzisokota pamoja hadi zishikane mwendo mzima. Hazipitishi paipu moja na umeme wa volti 240. Kwenye nyumba za makuti panya hutawala juu ya boriti, na panya akitafuna nyaya mbili zilizolala pamoja, moja ya spika na moja ya stima, hatari inayotokea haina uhusiano na ubora wa muziki. Kwa hiyo waya wa spika hupewa paipu yake, na pale inapolazimika kukutana na stima, huikata kwa pembe mraba na kuendelea na safari.

Nitaje pia msikiti, ingawa si nyumba ya mtu, kwa sababu mafundi hawa hawa ndio huitwa. Kule hesabu hugeuka. Spika za honi ziko juu ya mnara, pengine mita 60 kutoka amplifaya, na kuvuta shaba nene umbali huo ni gharama kubwa. Wanachofanya ni kutumia mfumo wa volti 100: transfoma kwenye amplifaya inapandisha volti, transfoma ndogo kwenye kila honi inazishusha. Wati 30 kwenye omu 8 zinahitaji karibu ampea 2. Wati hizohizo kwenye volti 100 zinahitaji ampea 0.3. Na kwa kuwa kinachopotea njiani hufuata mraba wa mkondo, hasara inapungua zaidi ya mara 40. Waya mwembamba unafikisha adhana mnarani bila kuipunguza. Ni mantiki ileile ya nguzo kubwa za umeme, imeletwa msikitini na mtu mwenye ngazi na bisibisi.

Lakini sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote huja mwishoni, wakati mwenye nyumba anataka kuwasha tu. Fundi anasema subiri. Anachukua betri ndogo ya volti 1.5, anagusisha ncha za waya upande wa amplifaya kwa nukta moja, huku msaidizi akitazama koni ya spika. Koni ikichupa nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Ikirudi ndani, umegeuka. Anafanya hivyo kwa kila spika hata kama waya una mstari mwekundu upande mmoja, kwa maana hana hakika kilichofanywa ndani ya spika na fundi aliyetangulia.

Spika moja ikigeuka, koni zake huvuta wakati za mwenzake zinasukuma. Ni watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja kutoka upande wake. Besi inatoweka katikati ya chumba, na ukiongeza sauti hairudi. Watu wamebadilisha wufa, wamebadilisha amplifaya, wamelaumu chumba, na dawa ilikuwa kugeuza ncha mbili za waya.

Baada ya betri anaweka sauti ya mtu. Akiwa kwa wapenzi wa taarabu ataweka Juma Bhalo, au udi wa Zein l'Abdin, kisha anaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, kati ya spika mbili. Nyaya zikiwa sawa, mwimbaji anasimama katikati, mahali ambapo hapana spika. Unaweza kumnyooshea kidole. Udi unadonwa na kila mdono una mwanzo wake. Halafu, ikiwa simu yake ina rekodi ya ngoma ya sengenya, anaicheza ili asikie zumari likipanda juu bila kuchoma na ngoma kubwa ikigonga na kunyamaza pale mpigaji alipoinyamazisha. Ngoma inayoendelea kuvuma baada ya mkono kuondoka humrudisha kwenye ngazi kukagua skrubu.

Nilimuuliza mmoja wao, mtu mzima aliyeanza na redio za kaseti, kwa nini husikiliza kwa utulivu namna ile ilhali mteja ameshatoa pesa mfukoni. Akaniambia: "Mwanangu, mimi nikitoka hapa sirudi mpaka mwakani. Waya unabaki."

Ukiwa unajenga mwaka huu, iwe Tiwi, Ukunda, Diani au Msambweni, mwite fundi wa spika kabla ya plasta, wakati tindo bado ina kazi ukutani. Mwache aweke paipu tupu kutoka mahali pa amplifaya hadi kila pembe, maana paipu ni bei ndogo na ukuta wa matumbawe ni mgumu kuuchimba upya. Dukani dai shaba tupu, na usione haya kutoa kisu mbele ya muuzaji. Chagua 1.5 kwa chumba cha kawaida, 2.5 kwa spika za omu 4, na 4 kwa zile za mbali. Na akikutajia malipo ya kutwa nzima kwa spika mbili tu, mlipe.